Hesabu ya Zawena

Mwalimu Sikudhani aliitia saini fomu ya mkuu wa shule kwa mkono uliochoka. Kuanzia leo, sheria inamkataza mwalimu kuandikiana na mwanafunzi kwa simu.

"Hata Zawena, anayemuuguza mama yake nyumbani?"

"Hata yeye. Sheria ni msumeno, mwalimu," mkuu akajibu, akaondoka na fomu yake.

Simu ikatetemeka mezani. Zawena alikuwa ametuma picha ya hesabu. "Shikamoo mwalimu. Hii nimepata?"

Alikuwa amepata. Sikudhani aliizima simu bila kujibu, akajikokota hadi ubaoni. Akaiandika hesabu nzima kwa kumbukumbu, kwa tarakimu kubwa, akaipigia alama ya vema ndefu kama mkono wake, kisha akafungua dirisha linalotazama njia ya kisimani, anayopita Zawena kila jioni.

Ndoo ya kwanza ikatokea kwenye kona.