Sauti Aliyoichagua Siwema

Sheria ilimtaka kila mfanyakazi mwenye wasiwasi alazwe usingizi wa tiba. Siwema alipolazwa, mtaalamu alimwambia achague sauti moja ambayo kila akiisikia, moyo wake utatulia. Akachagua ya binti yake Tunu akiita, "Mama."

Tiba ilimkaa barabara. Jumamosi Tunu akamwagikiwa na uji wa moto mkononi, akalia, "Mama! Mama!" Siwema akatabasamu, akaendelea kukunja nguo. Jirani yake, Bi Mwanakombo, ndiye aliyekuja mbio na ndoo ya maji.

"Mama gani wewe? Mtoto anaungua, unachekelea?"

"Nilimwona, shoga. Sikushtuka tu."

Jumatatu akaenda kuomba tiba ifutwe. Mtaalamu hata hakuinua macho. "Haifutwi kabla ya miaka mitano. Mfundishe akuite vingine."

Jioni akampakata Tunu, mkono umefungwa bandeji.

"Ukiumia, usiniite mama. Niite Siwema."

"Kwani wewe si mama yangu tena?"

"Ni mama yako. Haya, sema."

Tunu akafungua mdomo, jina likamshinda, akaangua kilio.

"Mama," akasema. "Mama, sitaki."

Siwema akahisi mabega yakilegea. Akatabasamu.