Mwisho wa Mwanahawa

Siku hizi mtu akianza tu hadithi, mashine ya ukutani humtungia mwisho kabla chai haijachemka. Ndiyo maana waandishi wote wa mtaa wameacha kazi, isipokuwa Mwanahawa. Yeye kila alfajiri huandika kurasa zake, kisha humsimulia mumewe Shaweji huku akigeuza vitumbua.

"Unajisumbua nini, mama Rukia?" Shaweji alimwambia leo. "Mashine imeshanisomea mwisho. Yule mjane wako anaolewa."

"Haolewi ng'o!" Mwanahawa alijibu kwa maringo. "Mchumba amefika na mahari, mjane akampa ngazi amshikie. Kapanda kuezua paa la nyumba yake mwenyewe."

Shaweji alisahau kitumbua mkononi. "Aezue paa? Kwa nini? Halafu?"

"Subiri kesho. Bado sijaandika."

Hapo Mwanahawa kichwa kikamvimba, na nani wa kumlaumu? Akaenda kuosha kikaango huku akiimba.

Ndipo mashine, ambayo haijawahi kumuuliza mtu kitu, ikasema kwa upole, "Mama Rukia, halafu?"

Wimbo ukakatika.

"Na wewe subiri," aliiambia, na kwa mara ya kwanza akazifungia kurasa zake kabatini kwa ufunguo.