Bakuli la Mbaazi

Siku hizi benki ikitwaa nyumba, kazi ya kuisafisha hupewa yule aliyeitaja kwa benki mapema, kabla wenyewe hawajatolewa. Kwa hiyo Bi Shemsa hakuhangaika na zabuni. Alipika mbaazi za nazi akawapelekea majirani. Bakuli la jirani halirudishwi tupu. Likirudi tupu, alijua humo ndani mambo yameharibika, akachukua simu na kuitaja nyumba. Baada ya muda mfupi alikuwa humo, akikwangua michoro ya watoto ukutani.

Lakini mtaa ukageuka mahame. Hakukuwa tena na wa kupelekewa mbaazi, na kazi zikakatika.

Ijumaa moja mchana binti yake Mwanaidi, ambaye Shemsa mwenyewe alimfundisha kazi hiyo, alipiga hodi. Alikuwa ameshika bakuli la mbaazi.

"Kaa tule, mwanangu."

"Nimeshakula, mama."

Shemsa alizimimina mbaazi kwenye sufuria, akaliosha bakuli, akafungua kabati. Mlikuwa na chumvi tu. Akalifuta bakuli, akalifuta tena.

"Usijisumbue, mama," alisema Mwanaidi pale mlangoni, simu tayari mkononi. "Nipe hivyo hivyo tu."