Jina la Duka

Tangu asubuhi Hidaya alikuwa kwa wakala wa majina, miguu imemvimba, na kila jina alilolitaja kwa ajili ya duka lake la kushona sare za shule lilikuwa na mwenyewe. Na jina likishapata mwenyewe mtandaoni, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitwa hivyo, awe mtu, liwe duka. Ndiyo sheria.

"Kwani mtaani wanakuitaje, dada?" wakala aliuliza huku akipiga miayo.

"Mama Shemsa. Mwanangu wa kwanza huyo, yuko darasa la pili."

Wakala aliangalia kompyuta yake. "Shemsa liko wazi. Hukumwandikisha?"

"Nilikuwa nangoja duka lisimame kwanza."

"Basi lichukue. Tovuti tutakuhifadhia sisi, mwaka wa kwanza bure. Mtoto atapewa namba, atazoea."

Hidaya alikuwa hoi. Bila tovuti hakuna mteja, na bila mteja hata huyo mtoto atakula nini? Akaweka dole gumba.

Jioni, akiwa ameshamweleza mtoto kwamba jina sasa ni la duka, alipakua wali, akajisahau. "Shemsa! Njoo ule!"

Simu iliyokuwa mezani ikawaka. "Karibu Shemsa," ikasema kwa sauti nyororo. "Tunashona sare za saizi zote. Tukusaidie nini?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameshanawa, maji yanamchuruzika, hajui kama ameitwa yeye.

"Mama," akauliza polepole, "na wewe sasa watakuita mama nani?"