Kilomita Mia Tisa

Muuzaji wa magari pale Chengdu alituuliza kama huwa tunasafiri mbali. Nikamwambia kila Mwaka Mpya tunakwenda Gansu kwa mama, kilomita mia tisa, kwa hiyo nataka lile lenye injini ndogo ya petroli ya kuchaji betri njiani.

"Baba Lele, hebu fikiri," mke wangu akaninong'oneza. "Gari tutakaa nalo miaka kumi. Mama ana themanini na mbili. Tuchukue la umeme mtupu, mjini litatutosha."

Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga mwenyewe.

Mlango wa nyuma wa gari tulilosimama kando yake ulikuwa wazi. Mama, tuliyemleta mjini kutibiwa macho, alikuwa ndani, akifuta kwa leso kiti alichokalia.

"Chukueni la umeme," alisema, akiendelea kufuta. "Mimi sitawachelewesha."