Koti la Fungate

Jua la Januari ya tisini na nane lilikuwa linachoma Warwick Junction bila huruma, na Bupe alikuwa amesimama katikati ya soko akifunga vifungo vya koti la sufu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Muuza mitumba alimtazama, akadhani ana homa.

"Nina safari ya Ulaya," Bupe alimweleza, ingawa hakuulizwa.

Koti lilimfika magotini na lilinuka kabati la bibi wa mtu. Alilinunua hivyo hivyo.

Chanzo cha yote alikuwa mchumba wake, Anicet, Mrundi mpole wa kusinzia kanisani, ambaye alipoulizwa kazi yake alijibu tu kwamba ni mambo ya majumba ya watalii, kule baharini. Siku moja Bupe alimkuta kwenye kontena la kupigia simu za kulipia akibembeleza kama anaomba dawa ya mtoto: "Chef, uniongezee nuits baada ya mariage. Biarritz mbili, San Sebastián moja. Tafadhali, Chef."

"Nuits ndiyo nini?" Bupe aliuliza Anicet alipokata simu.

"Ni usiku."

"Na huyo Chef?"

"Ni yule anapangaka nuits zote."

Bupe hakuuliza zaidi. Alikimbilia saluni ya Overport, alikokuwa na kiti chake cha kusukia, akatangaza kwamba fungate yake ni Biarritz. Mwenye saluni, Mama Colette, Mkongomani aliyewahi kuishi Ubelgiji na asiyemruhusu mtu kulisahau hilo, aliacha kitana hewani.

"Biarritz? Na San Sebastián? Eh! Ile ni côte basque, ma chère. Ni pwani ya matajiri! Iko mawimbi, iko hoteli kama nyumba ya mfalme. Bwana yako alitoa wapi ile akili?"

Bupe akavimba kichwa. Tangu siku hiyo hakusuka mteja bila kumpitisha pwani ya Basque, kutoka utosini hadi kisogoni. Jambo moja tu lilimkera: Anicet alikuwa akizitaja nuits zake bila kusema "sisi". Jioni moja alimvaa.

"Hizo nuits zako, unadhani mimi nitabaki nyumbani natazama ukuta? Tunakwenda wote."

Anicet alikodoa macho. "Kweli? Wanawake wengi hawapendi."

"Mimi si wanawake wengi."

Macho ya Anicet yakalowa. Alimshika mikono yote miwili, akasema hajawahi kupendwa hivi. "Nitamwomba Chef. Lakini ujue, kule hakuna kulala."

Bupe aliona haya, akacheka ndani ya kanga.

"Ukuje na koti," Anicet aliendelea. "Upepo ya bahari iko mbaya. Na viatu ya kutembea, si zile ndefu."

"Na viza?"

"Chef hana shida na viza. Anataka tu aone papiers zako, zile karatasi za kibali, na ajue kama hauogope mbwa."

Bupe alielewa. Wazungu na mbwa wao.

Kesho yake saluni iliposikia kwamba huko hakuna kulala, vigelegele vilifika barabarani, na mteja mmoja akachomoa kichwa kwenye draya ili asipitwe. Mama Colette peke yake hakucheka.

"Ukienda, kiti nampatia Joséphine. Mimi siwezi kungoja mtu mwenye iko anakula maisha."

Hapo Bupe aliumia. Kile kiti hakukipata kwa urahisi. Alikuwa amesukia watu nje, akikalia ndoo iliyopinduliwa, jua lake na mvua yake, hadi siku alipoitwa ndani chini ya feni. Alikigusa mgongo kwa kiganja, akataka kulia. Kisha akawaza hoteli kama nyumba ya mfalme.

"Mpe," akasema.

Harusi ilifana. Jumatatu jioni Bupe aliaga mtaa mzima, koti begani, sanduku mkononi. Alipita saluni makusudi. Joséphine, ambaye tayari alikuwa amejimwaga kwenye kiti, alimpungia kitana.

"Hii sanduku ya nini?" Anicet, aliyekuwa akimngoja kwenye taxi, alishangaa.

"Nguo za kubadilisha."

"Eish, bibi yangu!" Alicheka, akambebea.

Taxi haikwenda uwanja wa ndege. Iliwashusha karibu na bahari, mahali penye majumba marefu ya wapangaji wa likizo, lakini Bupe hakutetereka. Bila shaka walipaswa kupitia kwa Chef kuchukua tiketi. Upepo ulikuwa umeanza, akavaa koti lake. Anicet alitangulia akipiga mluzi, mwenye furaha kuliko siku ya harusi, mpaka kwenye taa za barabarani ambapo mtu mnene alikuwa akiwangoja na bunda la funguo kiunoni.

"Chef, huyu ndiye bibi yangu. Nilikuambia, yeye si wanawake wengi."

Chef alimpa Bupe mkono. Kisha akampa filimbi, tochi, na mnyororo ambao upande wa pili ulikuwa na mbwa.

"Karibu, madame. Bwana yako anafanya Biarritz, geti hii hapa. Wewe unafanya San Sebastián, ile jumba ya ng'ambo ya robot, hizi taa, mpaka jua litoke." Alimkagua kutoka juu hadi chini, akaridhika. "Na ulifanya vizuri kuja na koti. Kampuni haitoi."