Glasi Moja kwa Krijn

"Jenever!" alisema Krijn kabla hata hajauvuka mlango, mkono mmoja kooni. "Dada, nipe jenever. Glasi moja tu. Upesi!"

Tannetje aliacha kumenya viazi vya Jumapili. Jina la pombe hiyo kali lilikuwa halijatamkwa katika jiko lile kwa miaka mitatu. Alimsogelea mdogo wake, akamnusa mdomo. Kilevi kilikuwa kinanuka waziwazi.

"Umeshakunywa."

"Siyo kiu, dada. Ni dawa!"

"Mwaka ule ilikuwa dawa ya jino. Ikaja dawa ya mafua. Leo ni ya nini, ya kucha?"

Kwa miaka hiyo mitatu Krijn alikuwa ameligeuza banda la vioo la marehemu baba yao, kule nyuma ya tuta la kuzuia bahari, kuwa shamba la maji ya kijani. Alifuga mwani kama wenzake wanavyofuga kuku. Aliulisha, kisha akaunyima chakula makusudi ili unenepe mafuta, akaukamua, akayapika mafuta yake na dawa ya pipa la bluu mpaka yakawa dizeli. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Mtu aliyekuwa akilala mtaroni, leo anataka kuinywesha mashua supu ya kijani! Lakini Jumatatu saa nne mashua ya kome ya shemeji yake, Wisse, ingetoka bandarini bila tone la dizeli ya kununua, na waliocheka walikuwa wameahidi kuja kutazama. Tannetje hakujali mafuta yanatoka wapi. Alichotaka ni siku hiyo ifike na mdogo wake akiwa bado amesimama kwa miguu yake.

Wisse aliingia akifuta viatu.

"Anataka jenever," mkewe alimwambia, akilia.

"Ndiyo maana!" alisema Wisse. "Pampu ya pipa lake imekufa asubuhi. Nikamwambia tungoje duka lifunguliwe Jumatatu. Akanijibu, nenda tu shemeji, nitaivuta dawa kwa mpira. Kumbe mwenzetu alitaka abaki peke yake!"

"Nisikilizeni!" alisema Krijn. "Lile pipa la bluu..."

"Nyuma ya pipa kuna chupa, tunajua. Bandani humo ndimo ulimokuwa ukizificha."

Krijn alilirukia kabati. Wisse akamdaka kiunoni. Tannetje akalifungua kabati mwenyewe, akaitoa chupa pekee ya nyumba ile, iliyowekwa kwa ajili ya wageni wa msiba, akaimimina yote kwenye sinki. Krijn aliitazama ikiisha.

"Nitakufa, dada," alisema.

Tannetje hakuwa na roho ngumu, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliifungua Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamsomea maneno ambayo Krijn mwenyewe aliyaandika siku alipoacha pombe: "Nikiomba, msinipe. Nikilia, msinipe. Nikisema ninakufa, nipokonyeni simu, nifungieni chumbani, muimbe msinisikie." Siku ile hilo la kuimba liliwachekesha wote watatu.

Wakampokonya simu. Wakampandisha chumba cha juu, ambacho dirisha lake lilipigwa misumari tangu enzi za ulevi wake, wakafunga kwa ufunguo. Akagonga mlango kwa ngumi, akapiga kelele za vipimo na majina ya kemikali. Wisse akakaa kwenye kinanda, wakaimba zaburi polepole, noti moja baada ya nyingine, mpaka sauti zikawakauka.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Wisse alisema kati ya beti, akitikisa kichwa.

Ilipofika saa moja ngumi zilikoma. Tannetje alipanda ngazi akatega sikio mlangoni. Krijn alikuwa amelala, anakoroma vizuri kabisa. Tannetje alishuka akapiga magoti karibu na kapu la viazi, akamshukuru Mungu kwa furaha.

"Ameshinda," alimwambia mumewe. "Kiu imempita."

Asubuhi alimpelekea kahawa. Krijn alikuwa ameketi kitandani, mpole, uso wake umeelekea dirishani, ambako jua la Juni lilikuwa linawaka.

"Dada," aliuliza taratibu, "mbona theluji imeingia mpaka ndani?"

Tannetje alishawahi kusikia kwamba pombe ikimtoka mtu humwonyesha mambo. Alimpapasa kichwa. "Vumilia, mdogo wangu. Ndiyo inatoka hiyo."

Krijn akatapika. Kisha akaanza kuhema haraka haraka, kama mtu aliyepanda tuta la bahari kwa mbio, wala hakuweza kuacha. Hapo Tannetje akamwita daktari.

Daktari Boogaard alifika wakati kengele za kanisa bado zinalia. Alimmulika Krijn machoni kwa tochi, na Krijn hakupepesa. Akauliza mgonjwa anafanya kazi wapi, Wisse akampeleka bandani. Walirudi wakikimbia, daktari ameshika kipande cha mpira chenye alama za meno, huku akiagiza helikopta kwa simu.

"Amemeza methanoli ya pipa lile la bluu, ndiyo iliyompofusha," alisema alipomaliza. "Tangu lini?"

"Jana," Tannetje alinong'ona. "Saa kumi."

"Na kazi hii anaijua vizuri?"

"Hakuna wa kumshinda," alisema dada mtu, na hata saa ile sauti yake ilikuwa na fahari.

Daktari alikunja uso. "Basi simwelewi. Yeyote anayefanya kazi na methanoli anajua kwamba pombe ya kawaida huizuia isimdhuru mtu mpaka afikishwe hospitali. Hakuwaomba kinywaji?"